Karani Aliyeshona Vifurushi Vyangu

Nilianza kuwauzia watu wa mbali kwa sababu watu wa karibu waliacha kuja. Kabla ya hapo nilikuwa na kibanda cha mikoba nyuma ya hoteli moja ya Diani, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: mgeni anasimama, anaushika mkoba, anaunusa, anacheka, anaondoka nao begani. Kisha zikaja zile fujo zilizowafukuza watu wa bara kote, tangu Likoni mpaka Ukunda. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, na wageni wakakatika kabisa. Hoteli niliyoitegemea ilifunga milango. Tumbili wakawa ndio wanaokaa kwenye viti vya bustani.

Nyumbani kwetu Waa, mama yangu alisuka ukili wa miyaa, ile mikanda ya majani makavu ya mkindu. Mimi nilishona huo ukili ukawa mkoba, nikautia bitana ya kanga na vishikio vya ngozi. Tulikuwa na mikoba mpaka juu ya kabati na hapakuwa na wa kuinunua. Ndipo kijana mmoja wa Kiholanzi, aliyekuja kujifunza kuzamia na akabaki hata wenzake walipoondoka, aliipiga picha mikoba yangu mmoja mmoja, na aliporudi kwao akaziweka picha hizo kwenye mtandao. Alikuwa ameniambia, "Sasa dunia nzima itaiona." Sikumwelewa. Mtandao niliokuwa nikiujua ni wa buibui.

Lakini baada ya miezi miwili barua zilianza kuja. Zilikuja katika duka moja la kupiga chapa pale Ukunda lililokuwa na kompyuta yenye intaneti. Nilikwenda kila Jumanne na Ijumaa, mwenye duka akanichapishia zilizofika, nikazisoma kwa Kiingereza changu cha hotelini, na za Kijerumani nikazisoma kwa kukisia. Mtu ameona mkoba wenye bitana ya buluu, anautaka. Mwingine anataka miwili. Nilirudi Waa nikiwa nimezikunja zile karatasi ndani ya buibui langu kama mtu aliyebeba cheti.

Mikoba niliipeleka kwa wakala wa mizigo, mzee mmoja aliyekuwa na duka la chumba kimoja karibu na stendi ya magari ya Ukunda. Yeye alikusanya vifurushi na kuvipeleka Mombasa vikapande ndege. Kazi yenyewe ilifanywa na karani wake. Huyo alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Zamani alikuwa mtunza stoo wa hoteli. Wakati wa fujo alikimbia na mkewe na watoto, wakalala kanisani majuma kadhaa, kisha akarudi wakati wengi wa kwao waliapa kutorudi. Alikuwa na adabu ambayo watu wa kwetu waliistaajabia kwa mtu wa bara. Hakuanza kazi kabla ya kukuuliza habari za nyumbani, na majibu alisubiri.

Kila kifurushi alikifunga kwa kitambaa cha marekani akakishona kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, kwa uzi mwekundu. Kwenye kila pembe alirudia mshono mara mbili.

"Kisipasuke njiani, dada," alisema. "Huko mbele wanarusharusha tu."

Siku moja aliushika mkoba kabla ya kuufunga, akaugeuza akatazama bitana. "Huu, kwa mtu wa hapahapa, ni wa bei gani?"

"Kwa nini?"

"Mke wangu alipita hapa akauona. Tangu siku hiyo ni wimbo."

Nilimwambia nitamshonea mmoja, tutaelewana. Nilikuwa nikisema kweli wakati ninasema. Kisha oda zikazidi, na kila mkoba uliokwisha ulikuwa na mwenyewe huko ng'ambo, na ule wa mke wa karani ukawa wa juma lijalo, na juma lijalo.

Barua ya kwanza ya kudai kifurushi kilichopotea ilitoka kwa mwalimu mmoja wa Uholanzi. Nililia palepale kwenye duka la chapa. Nilidhani nimeshaitwa mwizi. Karani ndiye aliyenifundisha la kufanya. Alinitolea risiti yenye namba, akajaza hati ya kuulizia, akanisaidia hata kuiandika barua ya kumjibu mteja: kwanza umpe pole, kisha umweleze kifurushi kiliondoka siku gani, kisha umwombe awaulize majirani zake. "Usijitetee mwanzo," aliniambia. "Mtu aliyepotelewa na kitu hataki kusikia wewe ni mwema." Mkoba wa mwalimu ulikuwa kwa jirani. Wa pili uliodaiwa ulikuwa umezuiwa na watu wa forodha walioogopa majani makavu. Wa tatu hatujui ulikokwenda mpaka leo, nikatuma mwingine. Nikazoea. Nikaijua kazi hiyo ya kungoja, kuandika kwa upole, kungoja tena.

Kisha zikaja barua za bibi mmoja wa Kijerumani.

Alikuwa ameniandikia kwamba yeye na mumewe walikuwa wakija Diani kila mwaka, na kwamba mume amefariki. Aliniona kwenye picha moja nimesimama kando ya mikoba, akanikumbuka. Mimi sikumkumbuka, lakini nilimjibu kwamba namkumbuka. Aliagiza mkoba mkubwa wenye bitana nyekundu. Barua zake zilikuwa ndefu. Alisimulia jinsi mumewe alivyopenda madafu, na jinsi alivyoungua mgongo siku ya kwanza kila mwaka kwa sababu hakuwa mtu wa kusikia. Mwenye duka la chapa, aliyekuwa akinisaidia maneno magumu, alikuwa akiona haya kuzisoma kwa sauti.

Baada ya juma la saba aliandika kwamba mkoba haujafika. Hakukasirika. Aliandika tu kwamba kila asubuhi hutazama mlangoni. Nilifuata taratibu zote, majibu ya ng'ambo yakawa kwamba kifurushi kilikabidhiwa. Nikamtumia wa pili. Nao haukufika. Nikamtumia wa tatu, nikaushona kwa mkono wangu mwenyewe usiku na mchana, na ndani yake nikatia kipande cha udi kwa ajili ya marehemu mumewe. Akaandika: "Bado nasubiri, rafiki yangu. Labda wamenisahau."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Mtu anayeandika vile hawezi kusema uongo, nilijiambia, na katika hilo sikukosea. Lakini kama yeye hasemi uongo, basi wanaosema kilikabidhiwa wanajitetea tu, na mwizi yuko upande wetu. Na upande wetu, baina ya mkono wangu na ndege, ni mikono ya nani? Nikakumbuka karani alivyougeuza mkoba akatazama bitana. Nikakumbuka "ni wimbo". Na nisifiche: nilikumbuka pia kwamba ni mtu wa bara. Siku zile neno hilo lilikuwa limekaa midomoni mwetu sote, hata sisi ambao hatukumgusa mtu. Lilikuwa tayari kumpokea yeyote utakayemtaja.

Nilikwenda dukani kwa wakala siku ya Jumatatu. Watu watatu walikuwa wakingoja mizigo yao. Wakala alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia marahaba, kisha nikasema mbele ya wote kwamba vifurushi vyangu vitatu vya anwani moja vimepotea na ninajua vimepotelea wapi. Nikamwangalia karani.

Alikuwa na shazia mkononi. Aliiweka mezani taratibu.

"Dada," alisema, "vile vifurushi nimevishona mbele yako. Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Nikaondoka," nikasema. "Nikishaondoka anayebaki ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi."

Mmoja wa wale waliongoja aliguna na kusema, "Si tulisema wasirudi?" Hakuna aliyemnyamazisha. Wakala hakuuliza zaidi. Alikuwa ameogopa kupoteza wateja, na mimi nilikuwa mteja wake mkubwa wakati ule. Karani alivua aproni yake ya kaki, akaikunja, akaitia chini ya mizani. Alipopita kando yangu alisema, "Sijui nani amekuambia hivyo." Hakuna aliyeniambia.

Nyumbani nilimsimulia mama. Alikuwa ameketi mkekani na miyaa yake.

"Ulimwona akichukua?" akauliza.

"Sikumwona."

"Kuna aliyemwona?"

"Hapana. Lakini mama, vitatu vyote..."

"Sikuulizi vingapi." Aliendelea kusuka. Magharibi, baada ya sala, aliomba dua ndefu kuliko kawaida. Nilijua ni kwa ajili yangu, nikakasirika.

Yule bibi nilimtumia mkoba wa nne. Karani mpya, mtoto wa ndugu yake wakala, aliufunga ovyo nikamwacha. Baada ya miezi miwili barua ikaja: haujafika. Mtu mwenye akili angeng'amua siku hiyo. Mimi nilijiambia ni forodha, nikajiambia ni ndege, nikajiambia huenda yule wa zamani ana mwenzake Mombasa. Niligundua kwamba mtu akishamhukumu mwenzake hupata ushahidi hata ndani ya jambo linalomtoa hatiani.

Barua iliyofuata haikuja kwa kompyuta. Ilikuja kwa posta ya kawaida, bahasha nene, mwandiko nisioujua. Ilikuwa ya binti wa yule bibi. Aliandika kwamba mama yake amehamishiwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipokuwa akiisafisha nyumba yake alifungua kabati la nguo, na chini, nyuma ya makoti ya baba yake, akakuta vifurushi vinne kutoka Kenya, havijafunguliwa. Mama alivipokea, akatia sahihi, akaviweka, akasahau. Kwa mwaka mzima sasa alikuwa akisahau mambo, na familia ilikuwa ikijifanya haioni. "Hata hivi leo," aliandika binti, "huuliza kila asubuhi kama kifurushi kutoka Diani kimefika. Naomba radhi kama ulisumbuka. Malipo nitayatuma yote." Akatia na picha.

Picha ilionyesha vifurushi vinne vimepangwa kitandani. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa karatasi na gundi, pembe zimechanika. Vitatu vilikuwa vya kitambaa cha marekani kilichobadilika rangi, na uzi mwekundu ulizunguka kila pembe mara mbili, umekaza, haujalegea hata nukta moja.

Nilimpa mama ile picha. Aliitazama kitambo, akanirudishia.

"Nenda ukamtafute," alisema.

Kwa wakala niliambiwa karani alihama Ukunda mwezi uleule aliofukuzwa. Kuna aliyemwona Samburu, pale kwenye barabara kuu ya Nairobi. Nilivuka feri nikiwa na barua, picha, na mkoba mmoja mpya wenye bitana nyekundu. Nilishuka Samburu jua likiwa kali. Malori yalikuwa yamepanga foleni kando ya barabara, mbuzi wakipita katikati yake, vumbi jeupe juu ya kila kitu. Niliuliza kwenye vibanda viwili. Cha tatu kilikuwa hoteli ya madereva, ya mabati, na mwanamke mwenye hoteli alinielekeza uani.

Alikuwa ameinama juu ya karai, akisugua sufuria kwa majivu. Miwani hakuwa nayo. Aliponiona alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, na jambo la kwanza alilolisema, Mungu ni shahidi wangu, lilikuwa, "Habari za Waa, dada? Mama hajambo?"

Nilimpa barua. Aliisogeza mbali na macho, akaisoma polepole, midomo ikichezacheza, kisha akaisoma tena. Picha aliitazama muda mrefu zaidi.

"Huyu mama," alisema hatimaye, "sasa yuko vipi?"

"Yuko katika nyumba ya wazee. Hakumbuki."

"Pole yake."

"Kaka yangu, nimekuja kukuomba radhi. Nilikusingizia. Nilikosa mbele yako na mbele ya Mwenyezi Mungu."

Alinirudishia picha. Aliangalia karai. "Mimi kufukuzwa kazi nimezoea," alisema. "Fujo zilikuja, tulifukuzwa. Hoteli ikafunga, tulifukuzwa. Hayo nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, akaelewa. Hili la kwako lilikuwa na kitu ndani yake." Akachota majivu, nikadhani amemaliza. "Majirani walishamwambia kabla sijafika. Wakasema, mume wako ameiba mikoba ya akina mama. Sasa yeye, dada, hakuniuliza kama nimeiba. Aliniuliza, kama umeichukua, wa kwangu uko wapi? Umempelekea nani?"

Mwanamke mwenye hoteli alitoka na sufuria nyingine mbili, akaziweka chini, akaingia.

"Nikasema sikuchukua. Akasema ungekuwa umechukua ukaniletea ningekasirika kidogo. Lakini umechukua ukampa mwingine." Alitikisa kichwa. "Alichukua watoto akaenda kwao. Nimeandika mara mbili. Ndugu zake ndio waliojibu."

Mkoba ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimekuja nao niutoe kwa furaha, kama mtu anayelipa deni dogo, na sasa sikujua niuweke wapi. Nilimwambia nimemletea mkewe. Aliupokea kwa mikono miwili kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akautundika kwenye msumari mbali na masizi, na hakuutazama tena.

"Nikufanyie nini?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Niandikie," alisema. "Karatasi. Iseme mambo yote kama yalivyokuwa. Ipigwe chapa, isije ikaonekana nimeandika mwenyewe. Uweke sahihi na kidole gumba."

Nilirudi Ukunda nikaipiga chapa nakala tatu. Niliandika kwamba vifurushi vilifika vyote, kwamba karani hakuiba kitu, kwamba aliyesema kaiba ni mimi na sikuwa nimeona lolote. Ya kwanza nilimpelekea wakala nikamwomba aibandike ukutani dukani kwake. Akasema dukani si mahali pa mambo hayo. Nikamwomba amrudishe kazini, akasema mahali pamekwisha kushikwa, na mambo yamepita, na mimi nisijisumbue. Nikasimama palepale nilipokuwa nimesimama siku ile nikaisoma kwa sauti. Palikuwa na watu wanne au watano. Walisikiliza kwa heshima. Mmoja alisema, "Haya, Mungu atusamehe sote," kisha akauliza kama mzigo wake umefika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo siku ya kwanza.

Ya pili niliituma kwa mkewe huko bara kwa anwani niliyopewa na karani. Sikujibiwa. Ya tatu nilimpelekea yeye Samburu kwa mkono wangu. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati. "Asante, dada. Sasa iko," alisema. Tulikunywa chai pamoja. Tulizungumza habari za mvua.

Niliendelea na biashara ile kwa mwaka mmoja na kidogo. Watu waliendelea kuandika kwamba vifurushi havijafika, nami niliwapa pole kwanza, kama nilivyofundishwa, na kutaja siku, na kuwaomba wawaulize majirani. Mwenye duka la chapa alipouliza, "Unadhani huyu naye nani kamchukulia?" nilikuwa nikimwambia aandike tu ninayomtajia. Binti wa yule bibi aliniandikia mara moja zaidi, kunieleza kwamba mama yake amepewa mkoba mmoja kati ya ile minne, na kwamba anatembea nao kwenye korido siku nzima, hauna kitu ndani, akisema anakwenda pwani. Alidhani habari hiyo ingenifurahisha. Niliwaza juu yake siku nyingi nisijue kama imenifurahisha au vipi.

Baada ya Idi nilikwenda tena Samburu. Nilikuwa nimesikia hoteli moja ya Diani inafunguliwa na wanatafuta mtunza stoo, na nilikuwa nimemwendea meneja mwenyewe nikamweleza habari nzima, naye akasema mlete. Uani nilimkuta msichana mgeni kwenye karai. Mwenye hoteli alinivutia kiti.

"Ameondoka huyo," alisema. "Mwezi umekwisha. Amepanda lori."

"La kwenda wapi?"

"Dereva alikuwa wa Voi, lakini mzigo ulikuwa wa mbali. Sikuuliza. Na yule naye si mtu wa kusema."

Nilimuuliza kama aliacha chochote. Akaniambia hakuwa na vitu vingi vya kuacha, mkoba aliuchukua. "Na ile karatasi yako," akaongeza, "alikuwa haiachi. Kila dereva akitua hapa kula, anamsubiri amalize, anaitoa mfukoni anamwonyesha. Mpaka ilikuwa inakatika kwenye mikunjo, nikampa utepe wa gundi akaibandika." Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Nilimwambia, wewe mwanamume, hawa hawakuulizi kitu, hawakujui, unawaonyesha ya nini? Anawaonyesha hata wale wasiojua kusoma. Anaisoma yeye mwenyewe kwa sauti, anawaonyesha pale penye kidole chako."